Sanctuary (1996): inaishia wapi, na nani yuko juu ya nani

Msomaji anauliza: "Nimeitazama Sanctuary, filamu ya katuni ya Kijapani ya mwaka 1996 kuhusu yakuza (magenge ya uhalifu ya Japani) na wanasiasa. Imeishia njiani kabisa. Kuna sehemu ya pili? Tena vyeo vimenichanganya: nani bosi wa nani, kwa nini katibu wa mbunge ana nguvu kiasi kile, na kwa nini watu wa chama kimoja wanamalizana wenyewe kwa wenyewe? Nakala yangu pia ina dakika 67, na kote nasoma kwamba filamu ni ya dakika 70. Wamekata nini?"

Tuanze na hizo dakika tatu, kwa kuwa jibu lake ni jepesi: hakuna kilichokatwa. Filamu ilitengenezwa kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde. Kanda za Japani na Marekani, yaani mfumo wa NTSC, huuhifadhi mwendo huo karibu kama ulivyo. Mfumo wa PAL, uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya na pia Tanzania na Kenya, huonyesha picha 25 kwa sekunde, na waliohamisha filamu kuiingiza huko walikuwa wakiikimbiza kidogo tu ili ienee. Zidisha dakika 70 kwa 24, gawanya kwa 25: ni dakika 67 na sekunde chache. Dalili ya pili ni sauti, kwani zote hupanda kidogo, na sauti nzito za wazee wa yakuza ndizo zinazoumia zaidi.

Matatizo huja unapoweka maandishi ya tafsiri yaliyopimwa kwa nakala ya dakika 70. Yanaanza sawa, kisha yanazidi kuchelewa. Ifikapo dakika ya 10 yamebaki nyuma kwa sekunde 24 hivi. Usiyavute mbele kwa idadi fulani ya sekunde, maana utarekebisha mwanzo na kuharibu mwisho. Fungua faili ya maandishi kwenye programu ya Subtitle Edit, nenda penye kubadili kasi ya picha, weka kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhi. Ukiona mistari ya ulalo iliyochanika ubavuni mwa kila anayetembea, hiyo ni athari ya kanda. Kwenye programu ya video ya VLC bonyeza D. Na kama nyuso zimenenepa, televisheni yako imeutanua umbo la 4:3. Bonyeza A mpaka 4:3 itokee. Katika filamu hii jambo hilo si dogo, kwa sababu nusu ya kazi yake imo kwenye nyuso.

Sasa swali kubwa. Sehemu ya pili ya katuni haipo. Iko filamu ya mwaka 1995 yenye waigizaji watu, Abe Hiroshi akiwa mmoja wa wahusika wakuu wawili, lakini hiyo ni kazi nyingine na haiendelezi katuni. Hadithi yenyewe inaendelea kwenye manga, yaani katuni za kusomwa za Kijapani, ambayo ndiyo asili yake: ilitoka kwenye jarida la Big Comic Superior la kampuni ya Shogakukan kuanzia 1990 hadi 1995, ikakusanywa katika juzuu 12. Mwandishi ni Fumimura Sho, mtu yule yule anayejulikana zaidi kwa jina la Buronson kwenye manga ya Hokuto no Ken. Mchoraji ni Ikegami Ryoichi. Katuni imegusa mwanzo tu wa hizo juzuu 12. Ulipoishia wewe, ngazi ndiyo kwanza zinapandwa.

Kuachwa njiani namna hii hakukuwa ajabu kwa wakati ule. Sanctuary ni ya aina ya katuni zilizouzwa moja kwa moja kwenye kanda, bila kupita televisheni wala kumbi za sinema. Biashara hiyo ilianza mwaka 1983 na Dallos, kazi ya studio Pierrot, na Pierrot hao hao ndio waliotengeneza Sanctuary, mwongozaji akiwa Watanabe Takashi. Wanunuzi wakubwa walikuwa maduka ya kukodisha kanda na mashabiki wachache wenye uwezo, na sehemu ya pili ilisubiri mauzo ya kwanza. Matokeo yake, miaka ya 1980 na 1990 imejaa katuni za sehemu moja au mbili zilizotoka kwenye manga ndefu na hazikufika mwisho. Hadithi ya mapigano huweza kukatwa hivyo na bado ikaridhisha, kwa sababu kila pambano lina mwisho wake. Sanctuary ni hadithi ya mpango wa miaka mingi, na mpango ukikatwa mwanzoni unaonekana kama maneno matupu.

Kuna sababu nyingine ya katuni hii kuonekana imepoa ukiilinganisha na manga, nayo ni mkono wa Ikegami. Yeye huchora uso kwa mistari mingi myembamba: kivuli chini ya taya, mikunjo ya suti, unyevu wa jicho. Kwenye ukurasa, mchoro mmoja wa namna hiyo unaweza kumshikilia msomaji kwa muda anaotaka. Kwenye katuni kila mstari ulioachwa usoni lazima uchorwe upya katika kila mchoro unaofuata, na ukipotoka hata kidogo uso unaanza kutetemeka wenyewe. Desturi ya Japani ni kuweka mchoro mmoja kwa kila picha tatu, yaani michoro 8 kwa sekunde. Kwa dakika 70 hiyo ingekuwa michoro 33,600 kwa kila tabaka linalosogea. Huo ni mzigo mkubwa kwa bajeti ya kanda. Kwa hiyo wahuishaji hupunguza mistari, huacha kichwa kimetulia, na kusogeza kinywa peke yake. Unachokiona ni watu waliosimama wakizungumza, na ndiyo maana filamu hii humchosha anayesubiri risasi. Uzito wote uko kwenye mazungumzo, na mazungumzo hayaeleweki bila kujua vyeo.

Tuingie huko, kwa sababu hapa ndipo penye utamu.

Hojo Akira na Asami Chiaki (jina la ukoo linatangulia; tafsiri za Kiingereza huligeuza) ni watoto wa Kijapani walionusurika Kambodia chini ya Khmer Rouge, waliotawala kuanzia Aprili 1975 hadi Januari 1979. Waliporudi Japani walikuta nchi iliyoshiba, ikiendeshwa na wazee, na vijana wasiotaka chochote. Wakaapa kuigeuza iwe mahali panapostahili kuishi, Asami akiingia siasa na Hojo yakuza, na wakaamua nani aende wapi kwa mchezo wa mikono wa janken. Hadithi nzima inasimama juu ya wazo kwamba ngazi hizo mbili zina umbo moja. Ukilishika hilo, sura hazitakuchanganya tena.

Ngazi ya yakuza haifanani na ya jeshi wala ya kampuni. Ni ukoo wa kubuni, unaofungwa kwa vikombe vya sake mbele ya madhabahu, kukiwa na chumvi, samaki na shahidi anayesimamia. Anayepokea kikombe kutoka kwa oyabun, yaani "baba" mkuu wa kundi, anakuwa mtoto wake. Wanaogawana kikombe kama ndugu hugawana kwa kipimo: nusu kwa nusu ni ndugu sawa, 6 kwa 4 ni kaka na mdogo, 7 kwa 3 ni kaka aliye mbali zaidi juu. Kukirudisha kikombe ni kuvunja undugu. Kwa hiyo ukiona watu wamevaa kimono rasmi wakinywa kimya kimya, usidhani ni mapambo ya Kijapani; huo ni mkataba, na ukubwa wa kila mtu unapimwa hapo.

Chini ya mkuu kuna wakagashira, kiongozi wa "watoto", na mara nyingi ndiye mrithi. Kuna pia shateigashira, kiongozi wa "wadogo" wa mkuu. Huyu anaweza kuwa na umri na heshima kumzidi wakagashira, lakini kwa kawaida harithi, kwa kuwa kiti humshukia mtoto. Mivutano mingi ya urithi kwenye hadithi za yakuza inatoka hapo hapo. Na jambo lililokupoteza wewe ni hili: karibu kila "mtoto" mwenye cheo ana kundi lake mwenyewe, ofisi yake na watoto wake. Mtu mmoja ni bosi kwenye chumba hiki na mtoto mtiifu kwenye chumba kile, mchana huo huo. Fedha hufuata njia hiyo hiyo kurudi juu: kila kundi hupeleka ada ya kila mwezi kwa kundi mama, nalo kwa lililo juu yake. Anayeleta nyingi hupanda hata kama hajawahi kushika upanga. Hojo ni kijana wa kundi la Hokusho-kai na silaha yake kuu ni akili ya fedha. Tokai ni yakuza wa zamani, mtu wa nguvu na kifungo. Wote wawili wanahitajika, na filamu inafanya vizuri kutowadharau watu wa aina ya Tokai.

Kundi ambalo jina lake linaishia na -gumi mkuu wake huitwa kumicho, na linaloishia na -kai huitwa kaicho. Tafsiri nyingi huwaita wote "bosi", pamoja na kaka wakubwa na wakagashira. Ukitaka kujua nani anaongea na nani, acha maandishi, sikiliza Kijapani. Anayeitwa "oyaji" ni baba wa kundi la anayeongea. Anayeitwa "aniki" ni kaka tu. Na "sensei" kwenye filamu hii kwa kawaida ni mbunge.

Ngazi ya pili sasa. Mpaka mwaka 1994 Baraza la Wawakilishi la Japani lilichaguliwa kwa majimbo makubwa, mengi yakitoa wabunge 3 hadi 5, na kila mpiga kura alikuwa na kura moja tu. Uchaguzi wa 1993 ulikuwa na viti 511 katika majimbo 129. Fanya hesabu: katika jimbo la viti vinne, mwenye kura zaidi kidogo ya asilimia 20 hawezi kukosa kiti, na mara nyingi asilimia 15 zilitosha. Chama kilichotaka wingi wa viti, yaani LDP, chama tawala cha miaka hiyo, kililazimika kusimamisha watu wawili au watatu jimbo hilo hilo. Sera zao ni zile zile, chama ni kile kile. Watashindana kwa nini? Kwa fedha, kwa misaada ya jimboni, na kwa nani yuko nyuma yao Tokyo. Adui wa kweli wa mgombea wa LDP alikuwa mgombea mwenzake wa LDP. Ndiyo maana unaona wanamalizana.

Hapo ndipo makundi ya ndani ya chama yanapopata nguvu. Mkuu wa kundi hutafuta fedha na kuwagawia wabunge wake. Wabunge humlipa kwa kura anapotaka uwaziri mkuu au anapotaka kumteua mtu. Linganisha na ada ya mwezi ya yakuza: huku fedha zinashuka, kule zinapanda, lakini utiifu unanunuliwa vile vile. Mbunge ni "sensei" mbele ya chama cha wafuasi wake jimboni na askari wa kawaida mbele ya mkuu wa kundi lake. Isaoka, mzee anayesimama njiani mwa Asami, ni mfano wa mkuu wa aina hiyo. Cheo cha katibu mkuu wa chama kilikuwa cha kutisha kwa sababu ndicho kilichoshika mfuko na majina ya wagombea.

Na katibu wa mbunge? Yeye ndiye anayepokea bahasha, anayejua nani alilipa, na anayekamatwa mambo yakiharibika huku mbunge akisema hakuwa na habari. Asami kuanzia hapo ni hesabu nzuri ya mwandishi. Mtu asiye na ukoo wa kisiasa hana mlango mwingine ulio karibu zaidi na siri za wakubwa.

Kipande kimoja cha vazi kitakusaidia sana kwenye picha. Mbunge wa Japani huvaa beji ya ua la krisanthemum lenye petali 11 kwenye ukosi wa kushoto; ya Baraza la Wawakilishi ina kitambaa cha rangi ya zambarau-nyekundu, ya baraza la juu la bunge ina bluu iliyoiva. Katibu hana ua hilo. Yakuza naye huvaa beji ya kundi lake kwenye ukosi huo huo, dhahabu au fedha kulingana na cheo. Tazama kola kabla ya kusoma maandishi, na mara nyingi utajua aliyeingia chumbani ni wa ngazi ipi.

Je, ni chumvi nyingi kusema kwamba ngazi hizi ziligusana? Wasomaji wa jarida lile mwaka 1992 hawakuona hivyo. Mwaka huo Kanemaru Shin, makamu wa rais wa LDP, alikiri kupokea yeni milioni 500 kutoka kampuni ya usafirishaji ya Tokyo Sagawa Kyubin. Alitozwa faini ya yeni 200,000, wananchi wakachemka, akajiuzulu ubunge Oktoba. Machi 1993 akakamatwa kwa kukwepa kodi, na miongoni mwa mali zake zikaonekana pau za dhahabu. Ushahidi uliosomwa mahakamani katika kashfa hiyo ulieleza pia kwamba mwaka 1987, wakati Takeshita Noboru akiwania uwaziri mkuu na kundi la mrengo wa kulia likimwandama kwa magari ya vipaza sauti, aliyeombwa kulinyamazisha ni Ishii Susumu, mkuu wa Inagawa-kai. Ishii huyo ndiye aliyenunua hisa nyingi za kampuni ya reli ya Tokyu mwaka 1989 kwa mikopo ya kampuni zilizokuwa chini ya Nomura na Nikko, mawakala wakubwa wa hisa. Agosti 1993 LDP ikatoka madarakani kwa mara ya kwanza tangu iundwe mwaka 1955. Manga ilikuwa inatoka mara mbili kwa mwezi muda huo wote. Hojo mwenye suti na hesabu za benki hakuwa ndoto ya mchoraji.

Kilichozeeka ni mazingira ya kisheria. Sheria ya kudhibiti makundi ya yakuza ilipitishwa 1991 na kuanza kazi Machi 1992. Juni mwaka huo Yamaguchi-gumi, Inagawa-kai na Sumiyoshi-kai yakaorodheshwa rasmi. Haikuharamisha uanachama. Ilichofanya ni kuwapa polisi nguvu ya kumwamuru mtu asitishe kudai fedha kwa kutumia jina la kundi, na kosa la jinai huja akiivunja amri hiyo. Kuanzia Oktoba 2011 mikoa yote 47 ina kanuni zinazombana pia raia anayewalipa. Wanachama na washirika wao walikuwa karibu 90,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2024 walikuwa chini ya 20,000. Ofisi zenye jina mlangoni na kadi za jina zinazotolewa kwa kujivuna, kama unavyoziona kwenye filamu, ni za ulimwengu wa kabla ya hapo.

Kuhusu Ishihara Kyoko, naibu mkuu wa kituo cha polisi: watazamaji wengi huona umri wake hauaminiki. Unaaminika. Polisi wa Japani ina milango miwili. Askari wa kawaida huanza chini kabisa. Aliyefaulu mtihani wa taifa wa maafisa wa juu huanza akiwa tayari mkaguzi msaidizi, cheo ambacho wengine hukifikia baada ya miaka mingi. Kwa hiyo msichana wa Chuo Kikuu cha Tokyo kuwaamuru wapelelezi wenye mvi ni jambo la kawaida kimuundo, na chuki yao kwake ni ya kweli. Udhaifu upo kwingine: hadithi inampa akili na cheo, kisha inamtumia zaidi kama jicho la kumshangaa Hojo. Wanawake wengine wametendewa vibaya zaidi. Kazi hii ni ya watu wazima tu, na manga inakwenda mbali kuliko katuni.

Basi fanya hivi. Rekebisha umbo la picha na maandishi kwanza, kisha itazame tena ukifuatilia kola na namna watu wanavyoitana. Ukimaliza, soma manga kuanzia juzuu ya kwanza. Usijaribu kuendelea pale filamu ilipokomea, kwa sababu filamu imebana matukio na hutapata ukurasa unaolingana. Jihadhari na matoleo ya Kiingereza ya mchapishaji Viz ya miaka ya 1990, yaliyogawa hadithi katika juzuu 9 badala ya 12, hivyo namba hazilingani na za Kijapani. Kurasa zake pia ziligeuzwa kama kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto. Humo beji zote zimehamia ukosi wa kulia, kila mtu ni mashoto, na kimono zimefungwa upande wa kulia juu ya wa kushoto, namna wanavyovishwa maiti Japani. Ukiona sherehe ya vikombe ambayo kila aliyehudhuria amevaa kama marehemu, hiyo ni kazi ya mchapishaji, Ikegami hakukusudia ishara yoyote.

Ukitaka katuni nyingine kutoka kwenye kalamu ya Ikegami, iko Crying Freeman ya studio ya Toei, sehemu 6 zilizotoka 1988 hadi 1994, kutoka manga aliyoandika Koike Kazuo. Hiyo ni ya muuaji wa kundi la Kichina, ina damu na miili mingi zaidi, na vyeo vyake ni vya kubuni, kwa hiyo haya ya hapa juu hayatakusaidia sana. Kwa ladha ya Sanctuary yenyewe, fedha, kura na subira, juzuu zile 12 zinatosha, na kuanzia ya tatu hivi utaona ni kwa nini hakuna aliyethubutu kuzibana zote kwenye kanda.